Asidi Ikishiba Hunyamaza

Sakafu ndiyo iliyomsimamisha Inspekta. Alikuwa amekwisha kukikagua chumba kile cha kuchanganyia dawa siku Fundi alipofariki, na siku ile aliangalia yale ambayo kila askari huyaangalia: mlango, kufuli, kabati, na kopo la unga mweupe lililokaa juu ya rafu likiwa na chapa ya kiwanda cha ng'ambo. Leo alirudi kwa jambo dogo tu, kupima umbali kati ya meza na kiti alichokalia marehemu, na tepu ikamponyoka mkononi. Alipoinama kuiokota aliona kwamba saruji iliyo chini ya sinki ilikuwa imeliwa. Haikupasuka, wala haikumomonyoka kwa uzee. Ilikuwa na vishimo vingi, kama uso wa mtu aliyewahi kuugua ndui, na kila kishimo kilikuwa kisafi kuliko sakafu iliyokizunguka.

Jambo lenyewe lilikuwa limekwisha kufungwa, au hivyo ndivyo kila mtu alivyodhani. Fundi alikuwa mshonaji wa nguo, mtu wa makamo, mwenye tumbo lililomsumbua mwaka mzima. Alikuja katika zahanati hii kupigwa picha ya eksirei. Mgonjwa wa picha ya namna hiyo hunyweshwa kikombe cha unga mweupe uliokorogwa kwa maji, ili matumbo yake yaonekane. Unga huo ni chumvi ya madini ya bariamu, nao haudhuru kwa sababu moja tu: hauyeyuki, si katika maji, si katika asidi ya tumbo. Huingia na kutoka kama mgeni asiyevua viatu. Lakini bariamu ilionekana katika damu ya Fundi, na kisichoyeyuka hakiingii katika damu. Ipo chumvi nyingine ya bariamu, ndugu wa ile ya kwanza, nyeupe vilevile, ambayo ikikutana na asidi ya tumbo huyeyuka na kuua. Watu huinunua kama sumu ya panya. Pakiti yake ilikutwa jikoni kwa Fundi, na mkewe ndiye aliyemshikia kikombe.

Wagonjwa wengine wa asubuhi ile walikunywa kutoka kopo lilelile wakarudi makwao. Mdogo wa marehemu alisimama mbele ya meza ya zamu akasema, "Kikulacho ki nguoni mwako, afande," na methali hiyo ikafanya kazi ambayo ushahidi ulikuwa bado haujaifanya. Sasa mke alikuwa mahabusu. Kesho angefikishwa mahakamani. Leo alasiri mumewe angezikwa, na jana mwanamke huyo aliomba jambo moja tu: apelekwe makaburini, hata kwa pingu. Inspekta alimkatalia. Taratibu zilimtaka akatae.

"Nesi," aliita bila kuinuka, "hapa huwa mnamwaga nini?"

Muuguzi wa zahanati, mwanamke wa viatu vizito na ulimi mwepesi, alichungulia kutoka mlangoni. "Maji ya kuoshea vikombe, afande. Na maji ya mzee."

"Mzee yupi?"

"Mzee wa unga. Tunamwita Mwalimu. Si ndiye anayetujazia kopo?"

Inspekta aliinuka taratibu. "Daktari wenu aliniambia kopo hili linatoka ng'ambo."

"Kopo linatoka ng'ambo," Nesi alisema. "Kilichomo kinatoka humu humu." Kisha akaziba mdomo kwa kiganja, kama mtu aliyekanyaga mkia wa paka gizani. "Usinitazame hivyo, afande. Nina watoto. Daktari akisikia nimesema, kesho utanikuta barabarani nauza barafu."

"Ukisema kweli utauza barafu kwa raha. Huutengenezaje?"

"Mimi nitajuaje? Mimi wa sindano. Huja na dumu la tindikali ya betri, akaimimina kwenye ndoo, akatia unga wake kidogo kidogo. Ukachemka fyuuu bila moto. Yeye amesimama na mwiko kama mpishi wa harusi. Ukimwuliza itaiva lini..." Nesi alikunja uso, akanyosha kidole hewani, na sauti yake ikawa ya mwanamume mzee apimaye kila neno. "'Asidi ikishiba hunyamaza, binti.'"

Tepu ilijirudisha yenyewe ndani ya kasha lake kwa mlio mkali.

Inspekta aliyajua maneno hayo. Aliyajua pamoja na kile kidole. Miaka ile ya shule darasa lao zima lilikuwa likiyaimba, wanafunzi wakiwa wameinamia bilauri za asidi na unga wa kijani wa shaba: tia unga, ngoja povu, tia tena, povu likikoma na unga ukibaki chini, asidi imeshiba, chuja, chemsha, acha ipoe, na asubuhi kila mmoja atapata fuwele zake za buluu. Alifungua kopo, akachukua unga kidogo, akausugua kati ya kidole gumba na cha shahada. Ulikuwa na chenga, kama mchele uliovunjika.

"Fundi alikunywaje?" aliuliza.

"Kama mtoto anayepewa kwinini. Alifika nusu akagoma. Alisema una mchanga. Na kweli, huu wa siku hizi una mchanga, ule wa zamani ulikuwa laini kama poda. Wote hulalamika. Hunywa maji ya juu, chenga wakaziacha chini ya kikombe, nami nazimwaga hapo. Ukiwaambia wamalize, wanakutazama kana kwamba umewatukania mama zao."

"Fundi alizimaliza?"

"Fundi ana mke, afande." Nesi alishusha sauti. "Alimwongezea maji, akamkorogea kwa kijiko chake alichotoka nacho nyumbani, akamwambia, 'Kunywa, baba watoto, picha isije ikaharibika tukarudi tena.' Naye akanywa. Hata alitafuna. Nilisikia meno."

Kijiko hicho kilikuwa tayari katika mfuko wa vielelezo. Kibandiko chake kilisema ndicho kilichotumiwa kuchanganyia sumu. Inspekta alijaza unga katika kichupa, akakifunga kwa lakiri mbele ya Nesi, akamtaka atie sahihi. Nje, mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika upande wa mashariki.

Mkemia wa serikali alikuwa mtu mrefu aliyening'iniza miwani kwa uzi shingoni, na ambaye katika miaka yake ya kufanya kazi na Inspekta hakuwahi kukubali kuharakishwa. Alikitazama kichupa, kisha akamtazama aliyekileta.

"Dada, kopo hili nilikwisha kukwambia ni safi."

"Ulilipimaje?"

"Kama inavyopaswa. Ile yenye sumu ni kaboneti. Kaboneti yoyote ikikutana na asidi hutoa povu: chokaa, magadi, hata ganda la yai. Hii ya picha ni salfeti. Salfeti ukiitia asidi inakutazama tu. Nilitia asidi, ikanitazama."

"Asidi gani?"

Alinyosha mkono nyuma yake pasipo kugeuka, kama mtu atafutaye swichi ya taa chumbani kwake, akashika chupa. "Salfuriki. Ndiyo inayokaa karibu."

"Na tindikali ya betri ni nini?"

"Ni hii hii, imepunguzwa kwa maji." Mkono wake ulibaki juu ya chupa. "Kwa nini unaniuliza habari za betri?"

Inspekta alimweleza juu ya ndoo, mwiko na dumu. Mkemia alivaa miwani yake, akamimina chenga kidogo katika kisahani, akadondoshea asidi ileile. Chenga zililala kimya. Waliziangalia wote wawili. Hapakuwa na povu hata la kumfanya mtu apepese macho.

Kisha Mkemia alichukua kinu kidogo cha kaure, akamimina chenga nyingine, akaanza kuzisaga. Mchi ulitoa mlio wa mtu anayetembea juu ya kokoto. Aliendelea hadi mlio huo ukafa na kilichobaki kikawa vumbi. Akadondosha asidi, na mara hii kinu kikajaa povu.

Alitia vumbi lililobaki katika mrija wa kioo, akalidondoshea asidi, akaiongoza hewa iliyotoka ndani yake hadi kwenye maji ya chokaa, na maji hayo yaliyokuwa maangavu yakageuka meupe mbele ya macho yao. Ilikuwa hewa ya ukaa. Palikuwa na kaboneti.

"Kila punje ina ganda," alisema hatimaye. "Asidi ilipoigusa kaboneti iliigeuza salfeti, lakini kwa nje tu. Salfeti haiyeyuki, kwa hiyo haikuondoka; ilibaki palepale, ikawa ukuta. Asidi ikakosa njia ya kuingia. Ndani, sumu imelala kama kiini katika yai."

"Na povu likakoma."

"Likakoma. Na aliyekuwa akikoroga akadhani asidi imeshiba. Haikushiba, dada. Ilizibwa mdomo. Nami nikaja na asidi ileile nikaupiga ukuta uleule, nikaandika kwamba nyumba haina mtu."

"Na tumboni?"

"Mtu akitafuna, ganda linavunjika. Tumbo lina asidi yake, hidrokloriki, na chumvi inayotoka hapo huyeyuka kama sukari na kuingia katika damu. Wale wengine walikunywa maji ya juu. Nadhani waliharisha, wakamlaumu muuza matunda. Punje nzito hutuama chini, na za chini amepewa huyu mmoja." Alivua miwani. "Angeziacha, huenda leo angekuwa anashona. Niliandike hilo?"

"Andika yote."

Mkemia aliitazama saa ya ukutani. "Basi piga simu kituoni. Mtoe mama wa watu. Bado atayawahi mazishi."

Simu ilikuwa juu ya meza, kati ya mizani na rundo la karatasi za kuchujia. Inspekta aliitazama.

"Nimtoe kwa lipi? Kwamba kopo ni bovu? Wakili wa Daktari atasema limechezewa baada ya kifo. Nikimwachia sasa, kesho watanilazimisha nimkamate tena mbele ya wanawe. Ninauhitaji kwanza mkono uliolijaza."

"Hizo ndizo taratibu?"

"Ndizo."

"Nami kopo nililipima kwa taratibu," Mkemia alisema, akafungulia maji, akaanza kukiosha kinu.

Mwalimu alipanga vyumba viwili nyuma ya duka la vitabu vikuukuu. Chumba cha mbele kilikuwa na ubao mweusi ukutani, mabenchi ya watoto wa jirani wanaokuja kusoma masomo ya ziada, na rafu iliyojaa chupa tupu zilizooshwa vizuri. Alifungua mlango mwenyewe, akiwa ameshika fremu kwa mkono mmoja, na ilimchukua muda kuutambua uso uliosimama mbele yake.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu." Alipoisikia sauti, uso wake ulifunguka. "Dawati la mbele, kushoto. Mwandiko kama kuku aliyekanyaga wino."

"Bado uko vilevile, Mwalimu."

"Na serikali imekupa kalamu. Haya, serikali ina moyo. Keti. Nikupe chai?"

"Nisingependa kukusumbua."

Mwalimu alisikia jinsi neno hilo lilivyosemwa. Akaketi kwenye benchi la wanafunzi, si kwenye kiti chake, akaweka mikono juu ya magoti. Vidole vyake vilikuwa vimekauka na kubabuka kwenye ncha, kama vya mtu ashikaye tindikali bila glavu.

"Uliza," alisema. "Usinizunguke. Mimi si mnara."

Inspekta alikuwa amepanga maswali mengine njiani, lakini lililotoka kwanza lilikuwa la darasani. "Chumvi isiyoyeyuka hutengenezwaje?"

"Kwa miyeyusho miwili." Jibu lilikuja papo hapo. "Unachukua chumvi mbili zinazoyeyuka, kila moja ndani ya maji yake, unazikutanisha. Ile isiyoyeyuka hushuka yenyewe, laini kama vumbi, kwa kuwa imezaliwa ndani ya maji, haikuzaliwa juu ya mgongo wa punje nyingine. Unachuja, unaosha, unakausha."

"Kwa nini hatuitii kaboneti moja kwa moja ndani ya asidi salfuriki?"

Kutoka dukani ilisikika sauti ya mtu akibishana juu ya bei ya kamusi isiyo na jalada.

"Kwa sababu itajivika ganda," alisema. "Niliwaonyesheni kwa kipande cha marumaru. Kilitoa povu kidogo, kikanyamaza. Mlicheka. Mmoja wenu akasema asidi imechoka."

"Ni mimi niliyesema."

"Najua."

"Mwalimu, kopo la zahanati ulilijaza kwa njia ipi?"

"Mwanzo, kwa njia ya haki." Alizungumza akiutazama ubao, ingawa ubao ulikuwa mtupu. "Daktari aliacha kuagiza ule wa kiwandani. Aliniomba, nami nilifurahi. Mstaafu akiombwa kitu hufurahi kabla hajasikia ni kitu gani. Nilinunua kaboneti kwa wauza rangi za vyungu. Niliitia ndani ya asidi hidrokloriki. Hiyo huimeza yote, hakuna ganda, maana chumvi inayopatikana huyeyuka na kuondoka njiani. Nikachuja takataka, nikaimiminia maji ya chumvi ya magnesia, salfeti ikashuka. Nikaiosha mpaka maji yakawa hayana ladha ya kosa. Unga wangu ulikuwa laini kuliko wa ng'ambo, mwanangu. Waulize."

"Nimewauliza. Wanasema ulikuwa kama poda."

Hilo lilimwuma kuliko lawama. Aliinamisha kichwa.

"Kisha hidrokloriki ikaadimika. Daktari akasema wagonjwa wamejaa barazani. Tindikali ya betri ipo kila kona."

"Na marumaru?"

"Niliikumbuka. Nisije nikakudanganya: niliikumbuka. Nilisema nitasaga kwanza, nikasaga. Nilisema nitakoroga sana. Nikakoroga mpaka mkono ukafa ganzi. Macho yangu siku hizi hayaoni punje. Masikio ndiyo yaliyobaki. Niliweka sikio juu ya ndoo hadi ikanyamaza. Nikaongeza asidi, haikusema kitu. Nikaongeza tena." Alitabasamu kidogo, tabasamu lisilo na furaha. "Mtu mzima hujidanganya kwa uangalifu mkubwa."

"Ulipata habari lini ya kifo cha Fundi?"

"Siku ileile."

"Ukawaza nini?"

"Niliiwaza ndoo."

Inspekta aliandika. Mvua ilianza kugonga bati, matone machache mazito, yaliyotengana.

"Kesho yake," Mwalimu aliendelea bila kuulizwa, "wakasema mkewe amekamatwa, na sumu ya panya imeonekana jikoni kwake. Nililala usingizi mnono usiku ule. Hilo uliandike kabla ya mengine yote. Nilisema, alhamdulillahi, kumbe ni mke."

"Hukuja kituoni."

"Nilinyamaza."

Alisimama, akavaa viatu vyake bila kuambiwa, akichelewa kwenye kamba kwa sababu ya vidole. Mlangoni alisita, akarudi, akachukua kifutio, akaufuta ule ubao usiokuwa na kitu kutoka pembe hadi pembe. "Watoto huja jioni," alisema. "Utamwambia muuza vitabu awarudishe."

Inspekta alimwingiza garini, akamfungia mkanda yeye mwenyewe, kisha akapiga simu kituoni akiwa amesimama mvuani. "Mtoeni mke wa Fundi," alisema. "Mpakieni sasa hivi mumpeleke makaburini. Nitatia sahihi nikifika."

Askari wa zamu ndiye aliyejibu. "Makaburini, afande? Shemeji yake yupo hapa mbele yangu, amekuja kuuliza habari za kesho. Wamekwisha kumzika. Waliona mawingu, wakaharakisha."

Kituoni, mke wa Fundi alikuwa amesimama mbele ya meza ya zamu akirudishiwa vitu vyake: mtandio, funguo za nyumba, pete iliyofungwa katika karatasi. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, na siku zake za mahabusu zilimfanya asimame wima kuliko zamani, kama mtu anayehofia kugusa ukuta. Shemeji yake alikuwa upande wa pili wa chumba, kofia mkononi.

"Shemeji," alianza, "mimi nilisema kwa uchungu. Damu ni nzito. Unisamehe."

Mwanamke alimtazama uso, kisha akashuka na macho mpaka chini. "Udongo wa wapi huo kwenye viatu vyako?"

Mwanamume huyo aliitazama miguu yake kana kwamba ni mara ya kwanza kuiona. Udongo ulikuwa mwekundu na mbichi, umepanda hadi kwenye kamba. Alitoka nje, akasimama palipo na mvua.

Inspekta alimkaribisha mwanamke ofisini kwake, akamvutia kiti. Alimweleza yote kwa maneno mepesi, bila majina ya asidi: kwamba unga ulitengenezwa vibaya, kwamba aliyeutengeneza amekiri, kwamba Daktari aliyeficha naye ameitwa, kwamba yeye hana kosa lolote na serikali itamwandikia hivyo. Mwanamke alisikiliza kwa makini.

"Kwa hiyo si sumu ya panya."

"Si ya jikoni kwako, mama. Pakiti yako haikuhusika."

"Ilikuwa ndani ya unga wenyewe."

"Ndani ya zile chenga."

"Ile michanga ya chini ya kikombe." Aliyasema taratibu, kama mtu anayepima kitambaa kwa mkono. "Wenzake waliiacha."

"Ndiyo."

"Mimi nikamwongezea maji."

Ripoti ya Mkemia ilikuwa imefika kabla ya Inspekta. Ilikuwa mbele yake juu ya meza, na sentensi aliyoruhusu iandikwe ilikuwa karibu na mwisho wa ukurasa. Aliweka kiganja juu yake.

"Angeiacha," mwanamke aliuliza, "angepona?"

"Hakuna anayejua, mama."

Mke wa Fundi aliutazama ule mkono uliokuwa juu ya karatasi. "Siku zote ulizonihoji," alisema, "kila nilipokuuliza jambo ulifikiri kwanza. Hili umelijibu haraka."

Mvua ilikuwa imepungua. Nje, askari alikuwa akimwongoza Mwalimu kupitia ukumbini, akimwonyesha ngazi, moja, nyingine, na mzee akishukuru kila hatua. Mwanamke hakugeuka kumtazama. Hakujua ni nani. Alijifunga mtandio, akachukua funguo zake, akafika mlangoni.

"Kijiko changu?"

"Ni kielelezo," Inspekta alisema. "Kitarudishwa kesi ikiisha. Nitakileta mwenyewe."

"Usikilete." Alifikiri kidogo. "Lakini kisije kikaandikwa kuwa cha zahanati. Kilikuwa changu."

Alipokwisha kwenda, Inspekta alikitoa kijiko kwenye kabati la vielelezo. Kilikuwa kijiko cha chai cha kawaida, kimechakaa upande mmoja kwa miaka ya kukwangua sufuria. Aliyakata kwa mstari mmoja maneno yaliyokuwa kwenye kibandiko, yale ya kuchanganyia sumu, akatia sahihi pembeni kama taratibu zinavyotaka. Kisha akakaa na kalamu, akitafuta la kuandika mahali pake. Alijaribu moja moyoni, akaliacha, akajaribu jingine. Mwishowe aliandika kwa ule mwandiko wake mbaya lile alilopewa, wala hakuongeza neno: Kijiko cha mke wa marehemu.